Nyumba ya pembezoni mwa mji baada ya misimu miwili ya mvua: tathmini ya mpangaji

Nyumba ninayoitathmini hapa nimeishi ndani yake kwa miezi 22, muda uliotosha kupitia misimu miwili ya mvua na miwili ya ukavu, na nilisubiri mpaka nirudishe funguo ndipo niandike, nisije nikaandika kwa hasira za siku bomba lilipopasuka wala kwa furaha ya asubuhi ya kwanza niliyoamshwa na ndege badala ya honi. Ni nyumba ya chini yenye vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, stoo na vyoo viwili, iliyojengwa kwa matofali ya saruji na kuezekwa kwa bati, juu ya kiwanja cha takriban robo ekari katika mtaa wa pembezoni ambao bado haujajaa. Hukumu yangu naitanguliza: kiwanja ni kizuri kuliko nyumba, mtaa ni mzuri kuliko vyote viwili, na karibu kila kasoro ya nyumba hii chanzo chake ni kimoja, nacho kiko chini ya sakafu.

Kiwanja kina upana wa mita 24 na urefu wa mita 42, na kinashuka kutoka nyuma kuelekea barabarani. Ukisimama getini mteremko huo huuoni vizuri, kwa sababu mbele ya nyumba pamesawazishwa na kupandwa nyasi, na jicho hulifuata lile tambarare likasahau yaliyobaki. Nilikuja kuupima kando ya uzio, mahali ambapo ardhi haijaguswa, kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake, ule ambao mafundi huutumia kutafuta usawa: mwisho mmoja niliuweka usawa wa ukuta wa nyuma wa nyumba, mwingine usawa wa ukuta wa mbele, umbali wa mita 12, na tofauti ikatoka sentimita 110. Kwa ardhi ya kujengea nyumba, huo ni mteremko wa kuheshimiwa.

Mjenzi alikuwa na njia mbili. Angeweza kuifuata ardhi, sakafu ikawa na ngazi mbili tatu kati ya vyumba na sebule, au angeweza kuilazimisha ardhi iwe tambarare. Alichagua kulazimisha: alichimba upande wa nyuma, udongo alioutoa akaumwaga upande wa mbele, akapata uwanja ulionyooka, akajenga. Njia hii hutumika sana na haina ubaya wake yenyewe, mradi udongo wa kujazia ushindiliwe kwa tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, au msingi wa upande wa mbele uteremshwe mpaka ukutane na ardhi ya asili. Udongo uliomwagwa wote kwa pamoja na kushindiliwa juujuu huendelea kujikandamiza wenyewe kwa miaka, hasa kila unapolowa. Kwa hiyo nyumba hii nusu yake imekaa juu ya ardhi iliyotulia tangu zamani, na nusu nyingine imekaa juu ya udongo wa kuhamishwa ambao bado unatafuta pa kukaa. Mpaka wa nusu hizo mbili unapita chini ya korido. Hauonekani, lakini ukishajua upo utauona kila mahali, hata bustanini.

Ufa ndio uliouonyesha kwanza. Unaanzia kona ya juu ya mlango wa kuingilia sebuleni na kupanda kimshazari, ukifuata viungo vya matofali kama mtu apandaye ngazi, hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya kuta. Nilipokuja kukagua nyumba ulikuwa umezibwa na kupakwa rangi, na dalali, alipoona kidole changu kimesimama pale, alisema kwamba huo ni ufa wa lipu tu. Ufa wa lipu nimeuona mara nyingi: ni mwembamba kama unywele, hujichora ovyo kama utando wa buibui, na ukigonga karibu nao mara nyingi husikia mlio wa uwazi pale lipu ilipobanduka tofalini. Huu wa sebuleni ulikuwa na mwelekeo, na juu ulikuwa mpana kuliko chini, dalili kwamba upande mmoja wa nyumba unainamia mbele na kuuachia mwenzake. Sikubishana naye. Nilichora nukta mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, zikiwa zimeachana milimita 50 kamili, nikaandika tarehe kwa herufi ndogo, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikipanda kwenye kiti na rula mkononi, jambo ambalo wageni wangu waliliona la ajabu mpaka nilipowaeleza.

Mwanzoni nilimshuku mti. Mita 6 kutoka kona ya mbele ya nyumba kuna mti mkubwa wa kivuli, mzee kuliko mtaa wenyewe, na fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kuukata siku hiyohiyo, kabla hata hajaingia ndani kuuona ufa. Ni kweli kwamba mti mkubwa kwenye udongo wa mfinyanzi unaweza kuitikisa nyumba: mizizi hunywa maji, mfinyanzi hukauka na kusinyaa, msingi hushuka. Lakini ufa wa namna hiyo huwa na majira yake, hufunguka wakati wa ukavu na kujifunga, walau kidogo, mvua zinaporudi. Wa kwangu ulifanya kinyume. Miezi ya ukavu ulikaa kimya kwenye milimita 50. Baada ya mvua za kwanza ukafika 51, na ukavu uliofuata haukuurudisha hata kidogo. Baada ya mvua za pili ukakaribia 52. Ufa unaopanuka udongo unapolowa, kisha usirudi nyuma, unamwelekezea kidole udongo wa kujazia, na mti ukaachiwa huru. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuukata mti mkubwa juu ya mfinyanzi bila kufikiri kuna hatari yake: yale maji ambayo mti ulikuwa ukiyanywa hubaki ardhini, mfinyanzi huvimba polepole kwa miaka kadhaa, na nyumba iliyokuwa ikishuka huanza kuinuliwa.

Upande wa nyuma wa ule mpaka, ambako ardhi ilichimbwa, nyumba haitikisiki hata kidogo. Huko adha ni unyevu. Mjenzi alipomaliza kuchimba aliuacha udongo wa juu ukiegemea ukuta, hivi kwamba nje ya vyumba viwili vya nyuma ardhi ilikuwa juu ya sakafu ya ndani kwa sentimita 40. Tabaka la kuzuia unyevu, lile karatasi zito au plastiki linalolazwa juu ya msingi kabla ya kuanza tofali za ukuta, hutakiwa liwe juu ya ardhi ya nje kwa angalau sentimita 15. Hapa lilikuwa limezikwa, na udongo ulikuwa ukiulisha ukuta maji juu yake bila kizuizi chochote. Matokeo yake yalianza kabatini. Wiki ya tatu ya mvua nilitoa viatu vya ngozi ambavyo nilikuwa sijavivaa tangu nihamie, nikavikuta vimeota manyoya ya kijani kibichi, laini kama ya kifaranga, na nyuma ya kabati rangi ilikuwa imevimba malengelenge ambayo ukiyabonyeza yanapasuka na kumwaga unga mweupe wa chumvi. Harufu ya chumba kile nayo sijaisahau: ya udongo na nguo mbichi, ambayo madirisha wazi kutwa nzima hayakuweza kuitoa.

Mwenye nyumba, ambaye nitamtendea haki kwa kusema kwamba simu zangu hakuzikwepa, alileta fundi wa kupaka rangi ya kuzuia maji ndani ya chumba. Nilimwambia kwamba maji yanatoka nje na kwamba kupaka ndani ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo ili asikohoe, lakini rangi ilikuwa imeshanunuliwa. Ilidumu miezi minne.

Aliyenipa ufumbuzi ni jirani wa upande wa juu, mama mtu mzima aliyejenga hapo wakati nyumba zikiwa tatu tu. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha alinikuta nyuma ya nyumba nikiwa na ndoo, nimesimama kwenye tope lililofika kwenye vifundo.

“Shikamoo, mama,” nilimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Unahangaika bure na ndoo. Hayo maji hayakukutafuta wewe, yanafuata njia yake. Kabla ya hiyo nyumba, yalikuwa yakipita hapohapo penye chumba chako cha nyuma, yakatokea kule penye mti.”

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: mbona bati la nyuma halina gata? Ni kweli halikuwa nayo. Gata ilikuwa mbele peke yake, inakoonekana kutoka barabarani, ikipeleka maji kwenye tangi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na hesabu hii haihitaji mtaalamu. Paa la nyumba hii lina mita za mraba 160, kwa hiyo mvua ya milimita 25, ambayo ni mvua nzuri ya usiku mmoja na wala si mafuriko, humwaga lita 4,000 juu yake. Nusu ya hizo, lita 2,000, zilikuwa zikidondoka moja kwa moja kwenye ule ufinyu kati ya ukuta na udongo uliochimbwa, yaani mahali pabaya kuliko pote katika kiwanja kizima, huku sisi tukinunua rangi.

Kazi iliyofuata ilichukua siku tatu na vibarua wawili. Udongo ulisogezwa mita moja kutoka ukutani na kushushwa chini ya usawa wa sakafu, ukachimbwa mtaro wenye mteremko, likalazwa bomba lenye matundu na kufunikwa kwa kokoto, na gata ya nyuma ikafungwa na kuelekezwa kando ya nyumba hadi chini ya kiwanja. Katika mvua za pili alama ya unyevu, ambayo mwaka wa kwanza ilifika sentimita 60 ukutani, iliishia kwenye sentimita 20. Haukuisha, kwani ukuta uliolowa kwa miaka huchukua misimu kadhaa kukauka, lakini viatu vilipona.

Bustani nayo ina habari ileile. Mwaka wa kwanza nilipanda mboga mbele ya nyumba, kwenye jua zuri, nazo zikatoka nyembamba na za manjano pamoja na mbolea yote niliyozipa. Miche michache iliyobaki niliichomeka kandokando ya uzio bila matumaini, ikastawi kama ya mtu mwingine. Nilipochimba nikaelewa. Kando ya uzio udongo wa juu ni mweusi, unamong’onyoka mkononi, na nyungunyungu wamo; mbele ya nyumba kilichoko juu ni ule udongo mwekundu mgumu uliotoka chini kabisa kwenye machimbo ya nyuma, na udongo mweusi wa asili umelala chini yake, umezikwa. Anayetaka kulima katika kiwanja hiki afuate uzio.

Mengine ya nyumba nitayapitia kwa haraka. Jiko linatazama magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri jua la chini huingia moja kwa moja bila kujali paa, ambalo limetokeza sentimita 30 tu. Hata lingetokeza zaidi lisingesaidia sana, kwa kuwa jua la jioni hukingwa na kitu cha wima, pazia la nje au mti, na hapo hakuna. Vyumba vya kulala viko mashariki na usiku vinapoa vizuri. Swichi na soketi ni za kutosha na zimewekwa mahali pa akili, jambo adimu. Mfumo wa maji unategemea tangi lililo juu ya mnara mfupi, na maji yake husimama mita 3 tu juu ya bomba la kuogea. Maji huhitaji kimo cha takriban mita 10 kupata bari moja ya msukumo, kwa hiyo bafuni ni bari 0.3, yanatiririka kwa adabu lakini hita ya papo kwa papo inagoma kuwaka. Usinunue hita ya aina hiyo kabla hujafungua bomba ukaona. Shimo la maji taka liko mahali sahihi, mbele na chini, ila mfuniko wa chemba yake ulifunikwa na matofali ya kutandaza uani, na nilipoteza Jumamosi nzima nikichokoa kwa msumari mrefu kuutafuta siku choo kilipoanza kurudisha. Muulize mwenye nyumba mfuniko uko wapi kabla hujalala hapo usiku wa kwanza. Kuhusu mipaka, bikoni tatu kati ya nne zinaonekana. Ya nne iko chini ya uzio wa jirani, na yeyote atakayenunua asidhani kwamba uzio ndio mpaka hadi mpimaji atakapopita.

Nje ya geti mambo yanabadilika, na hapa ndipo nyumba inapopata alama zake nyingi. Barabara yetu ni ya udongo, ina nyumba 14 na inaishia ukutani, hivyo gari linaloingia ni la mwenyeji, la mgeni wake au la aliyepotea. Watoto huendesha baiskeli katikati ya njia bila mtu kupiga kelele. Mitaa isiyopenya ya namna hii ina historia ndefu. Miongoni mwa iliyopata sifa mapema ni Radburn, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 1929 na kusanifiwa na Clarence Stein na Henry Wright, waliotaka gari na mtoto visikutane. Kinachosahauliwa na wengi waliowaiga ni kwamba kule mitaa iliyofungwa kwa magari iliachwa wazi kwa miguu: upande wa nyumba usiotazama barabara ya magari kulikuwa na vijia vya watembeao vilivyounganisha mtaa na mtaa. Huku kwetu uliigwa ukuta, vijia vikaachwa. Duka la karibu liko mita 200 ukikata moja kwa moja, nami naliona paa lake nikiwa uani, lakini kwa njia iliyopo ni mita 900, na anayebeba mfuko mzito wakati wa mvua huzihesabu zote. Kituo cha basi kiko kilomita 1.2, dakika 15 kwa mwendo wa kawaida, na mita 300 za mwisho hazina taa.

Utulivu wa mchana ni wa kweli. Wa usiku una walakini, kwa sababu barabara kuu iko mita 400 upande wa chini, na baada ya saa nne usiku, redio na majirani wanaponyamaza, mvumo wake hupanda. Sauti ya kitu kimoja, tuseme jenereta, hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ya barabara yenye magari mfululizo hupungua kwa 3 tu, kwa kuwa inakufikia kutoka urefu wake wote, ndiyo maana husafiri mbali kuliko mtu anavyotegemea. Ua wa miti uliopandwa mbele umesaidia kuficha taa za magari, lakini mvumo unapita kana kwamba ua haupo. Anayelala kwa shida achague chumba cha nyuma, sasa kwa kuwa kimekauka.

Majirani wanasalimiana, wanajuana kwa majina ya watoto wao, na mtaro wa barabara husafishwa kwa zamu kabla ya mvua bila mtu kuandikiwa barua. Wasiwasi wangu uko juu ya kilima. Viwanja vya huko vinajengwa upesi, na kila anayemaliza nyumba hutandaza matofali ukuta hadi ukuta, hivyo maji yaliyokuwa yakizama ardhini sasa yanashuka yote kwa pamoja. Kalvati iliyo mwanzo wa mtaa ilitosha mwaka wangu wa kwanza. Mwaka wa pili niliiona imejaa mpaka ukingoni mara mbili.

Kwa mpangaji mwenye watoto, nyumba hii naipendekeza, hasa baada ya mtaro na gata ya nyuma, na mradi asitarajie maji ya kumkanda mgongo bafuni. Kwa mnunuzi, bei anayotaja mwenye nyumba ni ya nyumba iliyotulia, na hii haijatulia: kabla ya kulipa chochote achimbishe shimo kando ya msingi wa mbele aone umeishia kwenye udongo upi, kisha gharama ya kuuimarisha ikatwe kwenye bei. Siku ya kukabidhi funguo nilimkuta kijana wa kupaka rangi sebuleni, tayari ameshafika mlangoni na brashi yake. Nilimwomba aziache zile nukta mbili za penseli na tarehe zake. Mwenye nyumba alizitazama kwa muda, akachukua rula kwenye mkoba wangu, akapima mwenyewe, kisha akamwambia kijana abandike kipande cha karatasi juu yake na kupaka pembeni.